Deki Mpya kwa Televisheni ya Zamani

Watu aghalabu huinunua televisheni kwa uso wake. Mnunuzi husimama mbele ya kioo, akakipima kwa shubiri, akapitisha kidole pembezoni kutafuta ufa, akaomba chombo kiwashwe ili azione rangi zake, na moyo ukisharidhika hulipa, akaipakia katika gari ya abiria iendayo Wete au Konde, naye hajainama hata mara moja kuutazama mgongo wake, ambako, katika safu ya matundu yenye rangi mbalimbali na maandishi madogo yasiyosomeka bila ya miwani, imekwisha kuandikwa hukumu ya picha gani itaingia na picha gani haitaingia katika nyumba hiyo kwa miaka yote ijayo.

Makala haya yanauhusu mgongo huo. Yamekusudiwa hasa kwa yule mwenyeji wa Chake Chake, Mkoani au Micheweni ambaye ana flati ya zama za mwanzo za HD, ingali nzima, ingali na rangi za kupendeza, na ambaye jamaa yake amemletea kutoka Muscat deki mpya ya Blu-ray ndani ya boksi lake, akaviunganisha vyombo hivyo usiku ule ule mbele ya watoto waliokwisha kujipanga mkekani, kioo kikabaki cheusi, na fundi wa mtaani alipoitwa akatoa fatwa kwamba televisheni imekufa. Mara nyingi fatwa hiyo haina msingi. Televisheni ni hai, deki haina ila, na waya pengine ni mzima. Kilichotokea ni kwamba vyombo viwili vilivyoundwa katika enzi ya kanuni mbalimbali vimekutanishwa, na kimojawapo kimekatazwa na waliokiunda kumpa mwenziwe picha.

Wapemba hawawezi kuhesabiwa kuwa wageni wa jambo hili kwa jumla yake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, katika utawala wa Mzee Aboud Jumbe, kabla ya nchi nyingine yoyote kusini mwa Sahara, na ndugu zetu wa Tanzania Bara walikaa mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vyao vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Lililotuchelewesha sisi wa kisiwa hiki lilikuwa ni umeme, kwani mpaka mwaka 2010, ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa serikali ya Norway, Pemba iliwashiwa taa na majenereta ya dizeli, na mtu mwenye busara hakuthubutu kuiacha televisheni ya thamani mikononi mwa jenereta lenye kupanda na kushuka kama pumzi za mgonjwa. Umeme wa bara ulipotulia ndipo flati zilipoanza kumiminika, na zile televisheni za chogo zikasukumwa kwenye vyumba vya watoto, kisha mabandani.

Lakini flati hizo zilizomiminika zilitoka wapi? Baadhi zilikuwa mpya, ni kweli, walakini nyingi zilikuwa zimekwisha kutumikia kwingine. Ulaya ilianza kuzibandika televisheni zake nishani ya HD mwaka 2005, na wenyeji wa London na miji mingine walipozichoka baada ya miaka sita au saba, zilipakiwa katika makontena pamoja na mafriji na baiskeli, zikateremshwa Unguja, kisha zikavushwa kuja Mkoani na Wete. Zilifaa kwetu kwa sababu moja ambayo haifikiriwi sana: umeme wa Uingereza, wa Oman na wa Tanzania ni wa namna moja, volti 230 au 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na plagi ni ile ile ya meno matatu ya pembe nne, hata chombo kilichotolewa ukutani Birmingham huweza kuchomekwa ukutani Machomane bila ya kubadilishwa chochote. Kilichotoka Marekani, ambako umeme ni volti 120, kinataka transfoma, na asiyelijua hilo hulijua kwa harufu ya moshi.

Basi kisiwa hupokea vyombo kwa mpango ambao wengine wanaviacha. Televisheni hutufikia ikiwa na umri, na deki, kwa kuwa ni nyepesi na huingia katika sanduku la msafiri, hutufikia ikiwa mpya. Na kwa hiyo ndoa ya televisheni ya 2006 na deki ya 2015, ambayo mjini London ingekuwa nadra, kwetu ni jambo la kila siku.

Sasa tuugeuze mgongo. Tundu la kwanza ambalo kila mtu analijua ni lile la njano, lenye wenzake mwekundu na mweupe, ambalo mafundi huliita AV. Waya wa njano hubeba picha yote, mwanga wake na rangi zake, zikiwa zimechanganywa katika mkondo mmoja, na televisheni hulazimika kuzichambua tena zifikapo, kazi ambayo haifanyiki pasi na hasara: kingo za herufi hutetemeka, na kanga nyekundu huvuja wekundu wake juu ya ukuta ulio nyuma yake. Picha ya namna hii haiwezi kuwa ya HD hata kwa dawa. Inasikitisha kuona ni nyumba ngapi zenye kioo kizuri ambacho tangu kilipoingia hakijawahi kupewa picha nyingine isipokuwa hii ya waya wa njano, ilhali sentimita chache pembeni yake yamo matundu matatu ya kijani, buluu na nyekundu yaliyojaa vumbi.

Hayo matatu ndiyo hazina iliyosahauliwa. Kijani hubeba mwanga wa picha pamoja na ishara za kuipanga, na buluu na nyekundu hubeba rangi, kila moja njia yake. Sauti hupita peke yake katika nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, na jumla ni nyaya tano. Kwa njia hii picha ya HD hupita vizuri kabisa. Hatari ni moja, nayo ni ya kuchekesha kwa asiyepatwa nayo: nyaya nyekundu ni mbili, moja ya picha na moja ya sauti, na akizibadilisha mtu hupata watu wenye nyuso za kijani na spika inayonguruma. Ama akichomeka waya wa njano katika tundu la kijani, picha kwa kawaida huja ikiwa nyeusi na nyeupe, na wengi wakadhani rangi za televisheni zimekwisha.

Kisha lipo tundu la HDMI, pana na bapa. Huu ni waya uliotangazwa mwaka 2002 na makampuni saba, Hitachi, Panasonic, Philips, Silicon Image, Sony, Thomson na Toshiba, na fadhila yake ni kwamba hupitisha picha na sauti pamoja, kwa tarakimu tupu, bila ya kuzigeuza kuwa mawimbi. Lakini ndani yake mlikuja pia mlinzi, aliyebuniwa na kampuni ya Intel, ambaye jina lake kwa kifupi ni HDCP, na mlinzi huyu ndiye aliyesababisha kioo cheusi cha yule bwana wetu. Kabla ya picha kupita, deki hupiga hodi. Televisheni haina budi kuitika, kwanza kwa kueleza inaweza kupokea picha ya ukubwa gani na sauti ya namna gani, kisha kwa kuonyesha, kwa hesabu za siri, kwamba inazo funguo zilizotolewa kwa idhini. Na jibu likikosekana, au likichelewa, au likija na kasoro kwa sababu waya umelegea, deki hurudi mlangoni na picha yake. Mwenye nyumba haambiwi sababu. Pengine ataona chenga, pengine picha itamulika na kuzimika, na mara nyingi hataona kitu.

Mwaka 2010 ufunguo mkuu wa kufuli hilo ulivuja ukatangazwa ulimwenguni, na Intel wenyewe wakakiri kuwa ndio, na kwa hiyo mtu angetaraji kwamba kufuli lingeondolewa. Halikuondolewa. Linaendelea kumpekua mzee wa Tibirinzi anayetaka kuangalia filamu aliyoinunua kwa fedha yake.

Lililofuata ni zito zaidi. Diski za Blu-ray, ambazo ziliingia sokoni mwaka 2006 na ambazo kila tabaka lake hubeba gigabaiti 25, ilhali tabaka la DVD hubeba 4.7 tu, zinalindwa na kanuni nyingine ziitwazo AACS, na waliozitunga walikuwa na wasiwasi juu ya zile nyaya tatu za kijani, buluu na nyekundu, kwani hazina mlinzi yeyote, na picha ipitayo humo huweza kunakiliwa na atakaye. Wakaweka tarehe mbili za ukomo. Deki zilizotengenezwa baada ya 31 Desemba 2010 zilikatazwa kutoa picha ya HD ya filamu hizo kwa nyaya hizo, zikaruhusiwa picha ya kawaida tu. Na zile zilizotengenezwa baada ya 31 Desemba 2013 zilikatazwa kuitoa filamu hiyo kwa njia hizo hata kidogo, na watengenezaji, kwa kuwa tundu lisilo na kazi ni gharama bure, wakayaziba matundu yote ya namna hiyo. Tangu hapo deki mpya ya Blu-ray nyuma yake ina HDMI, na pengine tundu la sauti, basi.

Nasema ni dhuluma, na nitaeleza kwa nini. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuzilinda filamu za Hollywood, lakini jamii yetu haihifadhi Hollywood katika diski zake. Fungua kabati la nyumba yoyote ya Chake Chake, utakuta diski za harusi, za maulidi, za khitma, za mahafali ya madrasa, za taarabu, zilizopigwa na vijana wa mtaani na kuandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Diski hizi hazina kufuli. Zingepita kwa waya wowote, hata wa njano. Lakini tundu likishazibwa kwa ajili ya filamu ya tajiri wa mbali, limezibwa pia kwa harusi ya binti wa Wawi, na mama yake anayetaka kuiangalia tena hana kosa lolote katika ugomvi huo.

Nini cha kufanya, basi? Ikiwa televisheni ina tundu la HDMI lililo hai, mambo si magumu, na wengi wa walioambiwa wanunue nyingine hawakuwa na haja ya kununua. Iwashwe televisheni kwanza, ichaguliwe njia ya HDMI kwa rimoti, ndipo deki iwashwe, ili hodi isije ikapigwa wakati mwenyeji amelala. Kama kioo kingali cheusi, deki ipelekwe kwa jirani mwenye televisheni mpya, na katika mpangilio wake picha ishushwe kutoka 1080p mpaka 720p au 1080i, na ile namna ya kutoa picha 24 kwa sekunde, ambayo flati nyingi za mwanzo hazikuijua, izimwe. Kisha irudishwe nyumbani. Si aibu kushusha. Vioo vingi vya zama hizo vina nukta 1366 kwa 768, na kuvipelekea zaidi ya hapo ni kumimina kibaba cha pili katika pishi iliyokwisha kujaa. Picha ikija bila ya sauti, sababu aghalabu ni kwamba deki inatoa sauti ya sinema ya spika nyingi ambayo televisheni haiifahamu, na dawa yake ni kuchagua PCM katika mpangilio wa sauti.

Mara nyingine tundu la HDMI lipo lakini ni moja, nalo limeshikwa na kisimbuzi, na baba hakubali kisimbuzi king'olewe siku ya mpira. Kipo kiboksi kidogo cha kuunganisha vyombo viwili au vitatu katika tundu moja, na tahadhari yake ni kwamba kipo kingine kinachofanana nacho ambacho kazi yake ni kinyume, kuigawa picha ya chombo kimoja kwa televisheni mbili.

Zilizo taabuni kwa haki ni televisheni zisizo na HDMI kabisa, au ambazo tundu lake liliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Humo mnaingia flati za awali kabla ya 2005, na vile vioo vipana vya plasma vilivyotolewa maofisini na mahotelini, vizito kama jiwe la kusagia, ambavyo vilitengenezwa kwa kompyuta na si kwa sebule. Kwa hizi, rai yangu ni kutafuta deki ya Blu-ray iliyotengenezwa kabla ya mwisho wa 2010, ambayo huandikwa mwaka wake katika kibandiko cha nyuma au chini, na kuiunganisha kwa nyaya tano. Deki hizo hazithaminiwi na wauzaji kwa sababu zimezeeka, nayo ndiyo bahati ya mnunuzi, maana kwa kazi hii iliyozeeka ndiyo bora. Anayetaka kuangalia DVD tu aridhike na deki ya DVD ya kawaida yenye matundu ya rangi tatu. DVD haikuwa HD tangu kuzaliwa kwake, na kwa nyaya hizo itaonekana kwa uzuri wote iliojaaliwa.

Akikosa deki ya zamani, hubakia kigeuzi, na hapa ndipo madukani panapopotea fedha nyingi. Upo waya unaouzwa wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vya rangi upande wa pili, bila ya kiboksi chochote katikati. Huo haugeuzi kitu; tarakimu haziwi mawimbi kwa kupita ndani ya shaba tupu. Kigeuzi cha kweli kina kiboksi, na kiboksi hutaka umeme wake, ambao hutolewa na waya mdogo wa USB. Pia kina upande wa kuingilia na upande wa kutokea, na vile vya kutoka HDMI kwenda AV na vile vya kutoka AV kwenda HDMI vimevalishwa ganda la aina moja, hata ukimuuliza kijana wa dukani atakujibu kwa utulivu, "Hii ni ile ile tu, shekhe," nawe ukifika nyumbani utajua kwamba siyo. Soma maneno yaliyochapwa juu yake. Na hata kikiwa ndicho, jua kwamba kigeuzi kilichotengenezwa kwa kuzitii kanuni kitapokea hodi ya deki na kukataa filamu yenye kufuli, na kitaipitisha harusi.

Televisheni chache za kale zina tundu jeupe pana la DVI, lililobuniwa mwaka 1999. Picha ya HDMI huingia humo kwa kichwa cha kubadilishia tu, bila ya kigeuzi, lakini sauti hubaki nje, itafutiwe waya wake mpaka kwenye sabufa. Na kama DVI hiyo haina mlinzi, filamu yenye kufuli haitaonekana.

Deki za Ultra HD, zilizotoka mwaka 2016, nitazipita kwa haraka. Zinataka mlinzi mpya zaidi, HDCP 2.2, ambaye hayumo katika flati yoyote ya zamani, na zikimkosa kwa kawaida hujishusha zikatoa picha ya HD ya zamani. Kumnunulia deki ya namna hiyo mtu mwenye televisheni ya 2006 ni ukarimu uliopotea njia. Na wanaoletewa diski na jamaa wa ng'ambo wakumbuke mipaka iliyochorwa juu yake: katika Blu-ray, Afrika, Ulaya na nchi za Kiarabu zimewekwa fungu moja, B, na Marekani iko fungu A, lakini katika DVD sisi tuko fungu la 5 na Oman iko fungu la 2, hata diski iliyonunuliwa Muscat huweza kukataliwa na deki iliyotengenezwa kwa soko letu, kana kwamba bahari baina yetu na wao haikuvukwa na majahazi kwa karne nyingi.

Lakini kabla ya kulaumu kanuni za makampuni, itazamwe hewa yetu wenyewe. Chumvi ya bahari hufika mpaka sebuleni, na shaba ya vichwa vya waya huota kutu ya kijani ambayo huukata mkondo ule mwembamba wa HDMI kabla ya kuukata wa njano, ambao una ustahimilivu zaidi. Fundi mzuri huanza na kitambaa na spiriti kabla ya kufungua skurubu hata moja. Na televisheni iliyokwisha kuvuka bahari mbili haistahili kuachwa bila ya stablaiza, hasa plasma, ambayo hula umeme kwa pupa.

Siku hizi wapiga picha wa harusi wameanza kuacha diski na kutoa kazi yao katika flashi, na wengi wenye flati za zamani hufurahi kuona tundu la USB ubavuni mwa televisheni, wakachomeka, pasitokee kitu, kwa kuwa matundu hayo katika zama zile yaliwekwa kwa ajili ya mafundi wa kiwandani, au kwa picha mnato pekee. Hapa deki ya Blu-ray ambayo ilionekana kuwa mzigo hupata kazi, maana nyingi kati yake zina tundu la USB na huzisoma video za flashi zikazitoa kwa HDMI bila ya kudai kitu zaidi ya televisheni iliyo macho. Sharti ni moja: flashi iwe imepangwa kwa FAT32, ambayo deki nyingi huifahamu, nayo haikubali faili moja kuzidi gigabaiti 4, na harusi ya Kipemba, pamoja na kesha, ndoa, kuozesha kwa hotuba ndefu na safari ya kumleta bibi harusi kutoka Kengeja, huzidi hapo kwa wepesi. Mpiga picha akiambiwa mapema ataikata vipande vitatu, na mwenye hadhari atamwambia pia asikate katikati ya khutba.